Siku niliyokuwa "always"

Aina za vielezi vya Kiingereza tulikuwa tumezikariri kama kasuku: vya namna, vya mahali, vya wakati, vya marudio, vya kiasi. Ungemwamsha mtu bwenini saa nane usiku angekutajia zote. Kuzitumia ndiyo ilikuwa shughuli. Mtu alisimama akasema "I like very much football", na darasa zima likaona sawa, maana "napenda sana mpira" ndivyo tusemavyo.

Tukiwa Kidato cha Pili akaja mwalimu wa mazoezi, kijana mwembamba, shati limempwaya. Hakugusa chaki. Alitoa vipande vya boksi la sabuni, kila kimoja kina neno lililoandikwa kwa maka peni, akatugawia na kutuita mbele. Wenye "Juma", "drinks" na "tea" wakajipanga. Mimi nilipewa "always".

"Haya, huyu akae wapi?"

"Mwisho!" darasa likapiga kelele. Akatikisa kichwa, akanishika bega na kunichomeka kati ya "Juma" na "drinks". Kisha akawaondoa "drinks" na "tea", akaleta "is" na "late", akanisogeza nyuma ya "is". Kielezi cha marudio hutangulia kitenzi, akasema, ila kikikutana na "is" hukaa nyuma yake. "Juma is always late." Tukacheka, kwa sababu aliyeshika "Juma" ndiye aliyekuwa akifagishwa uwanja kila asubuhi kwa kuchelewa namba.

Msichana wa "very much", mbishi kwelikweli, alijipenyeza kati ya "likes" na "football". Akatolewa: kitenzi na yambwa yake hawaingiliwi. "Yesterday" yeye akaachiwa achague, mbele kabisa au nyuma kabisa. Vitabu vyetu vilijaa majina ya aina hizo, lakini habari ya nani akae wapi vilikuwa vinaipitia juujuu tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa na faida.

Kazi ilikuwa kwa "hard". Tulishafundishwa kuwa kivumishi kikiongezwa -ly huwa kielezi, "slow" kikawa "slowly", kwa hiyo "He works hardly" kwetu ilikuwa halali. Akamwita monita afagie kwa nguvu mpaka vumbi litimke. "Hard!" Halafu akamwambia aegemee ukuta, aiguse sakafu kwa ncha ya fagio, basi. "Hardly!"

Vicheko vikamleta mwalimu wa zamu dirishani, fimbo mkononi. "Shikamoo, mwalimu," akasema kijana yule, akaendelea na somo. Monita tulimwita Hadli mpaka tunamaliza Kidato cha Nne.