Jicho ndilo lililonipeleka kupima magonjwa ya zinaa

Naandika bila aibu, maana najua kuna mtu analihitaji hili. Jicho langu la kushoto liliwaka jekundu, na matone ya duka la dawa hayakufua dafu. Kila asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, mpaka nizilainishe kwa maji ya uvuguvugu. Nikivuta ukope wa chini, ndani naona vinundu vidogo vidogo. La kulia zima kabisa.

Daktari wa macho akanimulika, kisha akauliza: “Una mwenza? Mmepima lini?” Nilidhani amechanganya mafaili! Akapangusa ndani ya ukope kwa kijiti cha pamba. Majibu: klamidia, ugonjwa wa zinaa. Na huko chini sikuwa na dalili hata moja. Kumbe vijidudu huweza kusafiri hata kwa vidole, kutoka sehemu za siri hadi jichoni.

Matone peke yake hayatoshi. Unameza antibayotiki, na mwenza naye anatibiwa hata kama hajisikii lolote. (Mazungumzo ya nyumbani kuhusu hilo, leo niacheni.)

Kisonono ndicho cha kuogopesha zaidi: usaha hutoka kwa wingi, na kinaweza kutoboa kioo cha jicho haraka sana. Hicho ni cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Kaswende nayo huingia ndani ya jicho, ukaanza kuona ukungu. Hata mtoto mchanga huweza kuambukizwa klamidia au kisonono machoni wakati wa kuzaliwa.

Langu limeshatulia. Mwenzangu bado anamalizia vidonge vyake.