Mshumaa, gololi na nyutroni

Jana usiku umeme ukakatika huku Shangani, Mtwara yetu hii, nikawasha mshumaa nikaubandika kwenye kisosi. Mpwa wangu yuko likizo hapa, form five, kakaa na daftari la fizikia kanuna. "Anko, haya maswali ya kugongana mi nakariri tu." Nikacheka kimoyomoyo, maana na mimi nilikariri hivyohivyo.

Tukakaa sakafuni na gololi. Ya kioo ikigonga ya kioo mwenzake katikati kabisa, iliyogonga inasimama karibu palepale na mwenzake anaondoka na mwendo wote. Tukaleta ya chuma, ya beringi, ile ya kioo ikaigonga ikarudi ilikotoka na ya chuma ikajisogeza kivivu. Momentamu, yaani masi mara kasi, kabla sawa na momentamu baada, na nishati ya mwendo hivyohivyo, ukiacha kidogo inayoishia kwenye ule mlio wa tik.

"Na kama kinachogonga hakionekani?"

Hapo ndo nikamwonyesha mshumaa. Mwaka 1932 kule Paris, Irène na Frédéric Joliot-Curie waliona mionzi isiyo na chaji kutoka kwenye beriliamu inachomoa protoni, yaani viini vya haidrojeni, kwenye nta ya parafini, nta hiihii ya mishumaa, wakadhani ni gama, mionzi ya jamii ya mwanga isiyo na masi. James Chadwick wa Cambridge akagoma, gama ya kurusha protoni hivyo ingetaka nishati ya elektronivolti milioni 50 hivi, na beriliamu ikipigwa na alfa, yaani viini vya heliamu, haifiki hata milioni 15. Kwake ile ilikuwa chembe yenye masi ila haina chaji, nyutroni. Akaigongesha mionzi ileile kwenye naitrojeni pia. Protoni zilikuwa zinaruka hadi kilomita 33,000 kwa sekunde, naitrojeni 4,700. Sasa utamu uko hapa, ukigawanya moja kwa nyingine kasi ya mgongaji inajifuta yenyewe, hujui alikuja mbio kiasi gani na huna haja ya kujua, inabaki M+14 chini yake M+1, sawa na 7 hivi, M ni masi ya nyutroni, 14 ya naitrojeni, 1 ya protoni.

Dogo akaandika, akafuta, akaandika tena. M ni 1.17, karibu sawa na protoni.

"Mbona sio moja kamili?"

Nikamwambia Chadwick mwenyewe alipata 1.15, vipimo vya naitrojeni vilikuwa na kosa la kama asilimia 10. Akanyamaza, akawa anakwangua nta iliyogandia kwenye kisosi. Umeme umerudi saa nne kasoro, ila ile gololi ya chuma mpaka asubuhi hatujaiona.