Nilivyojifunza kuandika Kiingereza kwa kuanzia kwenye Kiswahili changu

Kazi yangu ni kuwaandikia wageni. Niko ofisi ya kampuni ya utalii hapa Arusha, na karibu kila barua pepe ya bei au ratiba ya safari inayomwendea mgeni naiandika mimi, kwa Kiingereza. Kama wengi waliopita shule za msingi za serikali, nilisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Sarufi tuliikariri: majedwali ya nyakati, orodha ndefu za vitenzi. Mtihani nilifaulu, ila kuandika barua nzima inayosomeka vizuri ni jambo jingine.

Kilichonivusha ni daftari. Kila nilipokutana na sentensi ya Kiingereza iliyosahihishwa, iwe yangu au ya mwenzangu, niliiandika, na chini yake nikaandika ile ya Kiswahili iliyoizaa. Baada ya muda niliona kwamba makosa yetu hayaji ovyo. Yanafuata sarufi ya Kiswahili, na sarufi hiyo tunaijua vizuri kuliko tunavyodhani.

Chukua sentensi ninayoiandika karibu kila siku: “Utakapofika uwanja wa ndege, dereva wetu atakupokea.” Kiswahili kimeweka wakati ujao mara mbili, kwenye “utakapofika” na kwenye “atakupokea”. Ndiyo maana wengi huandika “When you will arrive”. Kiingereza kinauweka mara moja tu: “When you arrive, our driver will meet you.” Baada ya “when”, “if”, “before”, “after” na “until”, kitenzi hubaki cha wakati uliopo. Nilipokwisha kuona chanzo cha kosa, sikuhitaji tena kuikariri kanuni hiyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa viambishi. Tunasema “Dereva anakusubiri”. Ile “a-” lazima iwepo hata kama dereva ametajwa. Mkono unazoea hivyo na kuandika “The driver he is waiting”. Tunasema “hoteli mliyoichagua”, na ile “-i-” inataka kutokea tena: “the hotel which you chose it”. Kwa Kiingereza nafasi hiyo ni moja, ikishajazwa imejazwa: “The driver is waiting”, “the hotel which you chose”. Nikihariri, natafuta “he”, “she” na “it” zote na kuuliza kila moja inafanya kazi gani pale.

Vile vineno “a” na “the” ndivyo vilivyochukua muda wangu mwingi. Watu husema Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Neno lenyewe hakina, ila wazo kinalo. Linganisha “nimenunua kitabu” na “nimekinunua kitabu”. Ya pili inamfanya msikilizaji ajue ni kitabu gani, kile tulichokwisha kukizungumza. Hapo ndipo “the” inapokaa. Kwa hiyo naandika “We have booked a lodge near Karatu”, kwa sababu mgeni ndiyo kwanza anaisikia, kisha “The lodge has a swimming pool”, kwa sababu sasa anaijua. Kuhusu “a” na “an”, sikiliza sauti, usitazame herufi: “an hour”, “a university”. Kwenye ratiba zetu hili ni muhimu hata kwa tarakimu: “a 7-day safari” lakini “an 8-day safari”, maana nane ya Kiingereza inaanza kwa sauti ya irabu. Majina ya mahali nayaweka ukurasa wake peke yake: “Lake Manyara” na “Mount Kilimanjaro” hazitaki “the”, “the Ngorongoro Crater” inaitaka. “The Serengeti” inaitaka, lakini ukisema “Serengeti National Park” inaondoka.

Kuna “-na-” yetu pia. “Anafanya kazi” yaweza kuwa “he works” au “he is working”, nasi hatuhangaiki kuzitenganisha. Kiingereza kinatenganisha, na vitenzi kama “know”, “understand”, “want” na “belong” kwa kawaida havipokei “-ing”: andika “I understand”, si “I am understanding”. Ile “-s” ya nafsi ya tatu nayo hukaa mahali pamoja tu, ikija “does”, kitenzi kinaiachia: “She works”, “Does she work?”

Nomino zisizohesabika nilizimaliza haraka kwa kuzibandika ukutani: “information”, “advice”, “luggage”, “equipment”, “furniture”. Haziongezwi “-s” kamwe. Saa nazo zinataka uangalifu wa pekee: saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni “6:30 a.m.”, na mgeni akipewa saa isiyo sahihi anaikosa ndege.

Namna ninavyohariri ni hii. Sisomi barua mara moja nikitafuta kila kitu, jicho haliwezi. Kwanza napitia vitenzi tu. Halafu nomino, nikiuliza kama kila moja ina “a”, “the” au haihitaji. Mwisho naisoma kwa sauti, na sentensi inayonikata pumzi naigawa mbili. Ushauri huu wa mwisho ningempa mwanafunzi yeyote kabla ya sarufi yote.

Sasa niko kwenye vihusishi, yaani vineno kama “for”, “to” na “about”, na hapa kazi bado ipo. Kiswahili kimevificha vingi ndani ya kitenzi: “lipa” ni “pay”, “lipia” ni “pay for”, “andikia” ni “write to”. Kwa upande mwingine tunasema “kujadili kuhusu”, na Kiingereza kinasema “discuss” tu, bila “about”. Kwa hiyo siandiki tena kitenzi kikiwa peke yake daftarini. Nakiandika pamoja na kinachokifuata: “wait for the driver”, “arrive at the airport”, “arrive in Arusha”, “depend on the weather”. Wiki hii nakusanya vile vinavyofuatwa na “for”.