Nilivyojifunza kusimulia Desemba za Kilimanjaro kwa Kiingereza

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, mada iliyonisumbua ni mila za familia. Unapewa dakika 1 ya kujipanga, kisha unaongea mpaka dakika 2 bila kukatizwa. Mimi ni Mchagga wa Dar, hadithi za kwenda Moshi kila Krismasi ninazo tele. Ugumu ulikuwa kwenye ile "tulikuwa tuki-" yetu, ambayo Kiingereza kinaigawa kati ya "used to" na "would".

Nilijirekodi kwenye simu nikisimulia kwa Kiswahili, kisha nikapitia sentensi moja moja. Ya kufungulia niliipa "used to": "We used to leave from Ubungo at dawn." Na kweli yamekwisha, maana tangu 2021 mabasi ya mikoani yamehamia stendi ya Mbezi. Msikilizaji akishajua ni mambo ya zamani, zinazofuata unaziweka kwenye "would": "Grandma would boil the bananas, my uncles would slaughter a goat." Inapendeza kuliko kurudia "used to" kila mstari. Ila "would" inataka tendo. Bibi alikuwa na pipa kubwa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuwa na kitu si tendo. Hapo ni "used to have", basi. Na la mara moja, kama mwaka ule basi lilipotuharibikia Korogwe tukalala njiani, linabaki wakati uliopita wa kawaida.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba "used to" inamwambia msikilizaji jambo hilo halipo tena. Ikanibidi nijue nini tumeacha. Kuchinja tunachinja. Jani la isale la kuombea msamaha, bado tunalo. Kuhusu mbege nilimpigia mama.

"Tunakunywa, mwanangu, lakini ya kununua. Kupika tuliacha bibi yako alipofariki."

Iliniuma. Bibi alikuwa akichemsha ndizi mbivu mpaka zigeuke rangi, anaziacha siku kadhaa zichachuke, halafu anachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake ulitoka kwenye gome la msesewe, na kipimo alikijua kwa kuonja tu.

Mtihani nilifaulu. Shangazi anasema mbege hajaisahau, kwa hiyo Desemba hii naenda Moshi mapema anifundishe. Ulezi nitaununua mwenyewe mjini, ndizi zipo kihambani, shamba letu la nyumbani.