Mjomba wa Kariakoo alivyoniokolea himaya

Wiki ya pili hii nalala saa nane usiku kisa Stellaris, lile gemu la Paradox wa Sweden lililotoka 2016. Kama hulijui ni hivi, unapewa sayari moja, kalenda inaanza mwaka 2200, af kazi kwako, utawanye watu wako kwenye nyota. Mimi niliingia na akili ya vita vita, kumbe muda mwingi unakaa unahesabu madini, chakula na nishati kama mama ntilie anayefunga mahesabu jioni.

(Toleo ninalocheza ni la 3 na kitu, la zamani kidogo, kompyuta yangu feni ikianza kulia hapa Tabata hadi majirani wanajua nacheza.)

Balaa lilianza nilivyofikisha sayari nne. Nikacheki majirani wamenizidi teknolojia nikasema haiwezekani, nikashusha maabara tano kwa mpigo. Kila maabara inaajiri watafiti wawili kwa hiyo hapo wapo kumi, na sayansi ikapanda kweli nikajiona fundi. Ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba mtafiti mmoja kila mwezi anakula bidhaa za matumizi mbili, wote kumi ni ishirini, na hapo hujagusa raia wengine ambao nao wanataka vitu vyao ndani. Nikashangaa namba juu ya skrini imekuwa nyekundu, hasi 14.

Sawa, soko lipo si ndiyo? Nikaanza kununua. Soko la humo ndani wanakukata ada ya asilimia 30 kama hujatafuta njia ya kuipunguza, na kila ukinunua bei inapanda, ukiuza inashuka, yaani unajipandishia mwenyewe. Pesa ya humo ni nishati, kwa hiyo nishati nayo ikaanza kuwa nyekundu, nikauza madini nipate nishati, sasa madini yakapungua na viwanda vyenyewe vinakula madini. Nikawa kama mtu anayechukua hela ya upatu alipe kikoba, mwezi ukigeuka wote wanakudai. Hapo hapo raia wameanza kununa, na raia akinuna hata uzalishaji unashuka.

Jumapili mjomba akapita kutusalimia. Mjomba ana duka la vyombo vya plastiki Kariakoo miaka mingi, gemu hajui hata moja. Nikampa shikamoo bila kuinua macho.

"Marahaba mjomba. Hicho nini mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Nikamweleza juu juu. Akavuta kiti, akanyoosha kidole kwenye skrini hadi ikaacha alama.

"Hii elfu tisa ni ya nini?"

"Aloi mjomba, vyuma vya kutengenezea meli za vita."

"Na meli unatengeneza?"

"Bado, naweka akiba vita ikitokea."

Akaniangalia. "Kwa hiyo mtaji umelala stoo, af dukani mteja anakuja anakosa ndoo."

Akarudi kwenye chai yake, mimi nimebaki nimeganda. Mzee kaangalia dakika tatu tu jamani.

Iko hivi, kwa kawaida kila eneo la viwanda linakupa ajira mbili, mmoja anatengeneza aloi, mwenzake bidhaa. Wote wanakula madini sita, ila wa aloi anatoa tatu na wa bidhaa anatoa sita. Sayari yangu ya pili ilikuwa na maeneo sita, nikaibadilisha iwe ya bidhaa tupu, wale sita wa aloi wakahamia upande wa pili. Sita mara sita thelathini na sita, toa ile 14, nikawa chanya ishirini na kitu na madini yanayoliwa hayajaongezeka. Aloi nikauza elfu mbili, kidogo kidogo maana ukimwaga zote siku moja bei inaanguka. Maabara mbili nikazizima kwanza, roho iliniuma lakini ndo hivyo.

Saa hizi kila nikitaka kufungua koloni jipya najiuliza nani atalilisha, maana mwanzoni linakula tu halileti kitu, na himaya ikikua hata gharama ya utafiti inapanda. Jirani wa kaskazini ana sayari kumi na moja, sijui analishaje.

Na huyo huyo jirani jana usiku kanitangazia vita. Kaona meli zangu ni 12. Stoo nina aloi elfu saba, mjomba hapokei simu, na luku inasoma yuniti 3.