Runinga ya projekta iliyokuwa ikijizima: nilivyoitengeneza hapa Ujiji

Sebuleni kwetu Ujiji kuna runinga ya projekta ya inchi 53 ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imekwishatumika, akaisafirisha kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi stesheni ya Kigoma. Ni ile ya zamani yenye ukubwa wa kabati, ambayo ndani yake mna mirija mitatu ya picha, wa nyekundu, wa kijani na wa buluu, kila mmoja ukirusha mwanga wake kwenye kioo cha nyuma, nacho huuelekeza kwenye skrini ili rangi zote tatu ziangukie mahali pamoja. Sikuwa tayari kuitupa, na sababu si bei yake.

Ilianza kuugua wakati wa mvua za Aprili. Nikiiwasha, rilei (swichi ya ndani inayojifunga na kujifungua kwa umeme) ililia mara moja, sekunde nne hivi zikapita, ikalia tena na runinga ikazima, taa nyekundu ya mbele ikibaki kupepesa. Siku ilizokubali kuwaka, picha nayo ilikuwa na kasoro: rangi nyekundu ilipinda kama upinde pande za juu, buluu ikashuka chini, na msoma habari akaonekana ana mabega matatu. Niliyahesabu haya kuwa magonjwa mawili yasiyohusiana, na kosa hilo lilinipotezea karibu miezi miwili.

Kwanza niliushuku umeme wa nyumbani. Nilipima kwenye soketi saa 2 usiku nikakuta volti 178 badala ya 230, nikanunua stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Ilifaa kwa friji, lakini runinga iliendelea kujizima vilevile. Ndipo nilipofungua mgongo wake, baada ya kuchomoa waya ukutani na kuiacha usiku kucha. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: mirija ya runinga hizi hufanya kazi kwa volti zinazokaribia 30,000, na kapasita kuu (kifaa kinachohifadhi chaji) ya pawa saplai, yaani bodi inayogawa umeme ndani ya runinga, hubeba takribani volti 325 ambazo huweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Sikugusa bodi kabla ya kupima kapasita hiyo kwa mita na kuimwaga chaji iliyobaki kupitia rizista, kifaa kinachozuia mkondo usipite kwa nguvu, na nyaya nene zinazokwenda kwenye mirija sikuzigusa kabisa.

Kwenye pawa saplai niliona kapasita mbili zimevimba kichwani, na lehemu iliyopasuka kuzunguka miguu ya transfoma. Nilibadilisha kapasita kwa zenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali na uwezo wa kustahimili nyuzi joto 105, kisha nikalehemu upya miguu yote. Runinga ikawaka. Ilidumu wiki tatu, ikarudi kulekule.

Nilimwendea mzee mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, ambaye ametengeneza redio na runinga tangu ujana wake. Baada ya shikamoo nilimweleza habari ya kujizima, naye akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitaja: “Na rangi zake zinakutana, mwanangu?” Nilipojibu kwamba hazikutani, alisema niache kuitesa pawa saplai, kwa sababu inazimwa na mzigo ulio mbele yake.

Runinga ya projekta ina bodi ya kulinganisha rangi, yenye aisii mbili kubwa (vipande vyenye sakiti nzima ndani yake) zilizofungwa kwenye bapa la alumini la kupunguza joto, ambazo husukuma mkondo kwenye koili za mirija ili kuzinyoosha rangi. Aisii hizo hupata joto kali mno na huzeeka mapema. Ikifa sehemu moja, rangi hupinda; ikiungana ndani kwa ndani, yaani ikipiga shoti, huvuta umeme mwingi kiasi kwamba sakiti ya ulinzi huzima runinga nzima. Nilirudi nyumbani nikachomoa plagi ya umeme wa bodi hiyo peke yake, nikawasha. Runinga haikuzima tena. Rangi zilitawanyika vibaya, lakini nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi hii. Kisha nikapima miguu ya aisii runinga ikiwa imezimwa, na moja ilionyesha ukinzani wa karibu sifuri kati ya njia ya umeme na chasisi, dalili ya shoti. Kando yake rizista mbili ndogo zilikuwa zimekatika.

Aisii za kwanza nilizoagiza zilikuwa bandia, maandishi yake yakifutika kwa pamba yenye asetoni, nikazirudisha. Zilipofika za kweli nilibadilisha zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa iliyobaki nzima ilikuwa imepikwa na joto lilelile. Nilipaka grisi nyeupe ya kupitisha joto, nikakaza skrubu kwenye alumini kwanza, na ndipo nikalehemu miguu, ili isije ikavutwa ikapasuka. Rizista nilizipima moja moja kabla ya kurudisha bodi, maana rizista iliyokatika ingeniacha na rangi iliyopinda.

Kioo cha ndani nilikifuta vumbi kwa brashi laini tu, kwa sababu utando wake unaoakisi uko upande wa mbele na huchubuka upesi.

Niliiacha runinga ipate moto kwa nusu saa, nikafungua menyu ya mistari ya msalaba, ambayo hutumika kulinganisha rangi. Kijani ndicho kipimo. Nyekundu na buluu huletwa juu yake, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Mzee alipokuja kuitazama hakuomba kuona kipindi chochote, aliomba mistari. Aliikagua pembe kwa pembe, akaweka kidole kushoto juu. “Hapa nyekundu imebaki uzi mmoja.” Nilibonyeza rimoti mara mbili, mstari ukawa mweupe.