Bodi la ndege na kijiti cha uzi

Leo asubuhi nimempeleka mpwa wangu uwanja wa ndege hapa Dodoma, safari yake ya kwanza kwenda Dar. Tumefika mapema mno (mama yake ndiye aliyetukimbiza), ikawa kazi ni kuiangalia ndege ya pangaboi iliyoegeshwa. Dogo akaniuliza: "Mjomba, lile tumbo lote linaitwaje?"

Nikamwambia wengi tunasema bodi, wengine kiwiliwili. Kwa Kiingereza ni fuselage. Neno lenyewe Waingereza wamelichukua Ufaransa, na mzizi wake ni fuseau, kile kijiti cha kusokotea uzi: kinene katikati, chembamba ncha zote mbili. Itazame ndege kwa ubavu utakiona kijiti hicho hicho, pua imechongoka, mkia umesinyaa. Mimi nilidhani jina litakuwa na mambo ya "fyuzi" za umeme. Wapi!

Abiria hapa wanatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi. Dogo amenipigia alipofika, na habari yake ya kwanza si mawingu, ni ribiti, vile vipini vya kuungia bati! Anasema zimejipanga mistari pembeni ya mlango kama kwenye bati la fundi. Kumbe ameona penyewe. Ndani ya bati la ndege kuna mbavu za duara na fito za urefu, na ngozi ya nje nayo inabeba mzigo, si pambo.

Sasa anataka uzi na kijiti. Pamba nitaitoa wapi mimi?